Ile Si Virusi, Baba Mũeni

Mpendwa Baba Mũeni,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua huanza hivyo, na kwa sababu wakati mmoja ilikuwa kweli. Usilishike sana neno hilo. Na barua yenyewe nimeiacha wazi, haina bahasha, kwa kuwa wewe pia uliyosema hukuyasema chumbani. Uliyasema mbele ya watu, basi na jibu lipite mbele ya watu.

Ndugu yako alikuja hapa ofisini Jumanne. Alikaa kwenye benchi la wateja, akanywa chai yangu akaimaliza, akaomba nyingine, ndipo akasema kilichomleta. Kwamba kwenye kikao cha harusi huko kwenu Kola ulisimama mbele ya wakwe ukawaambia kuwa siku ya harusi yake utamkabidhi binti yetu hii ofisi ya kutaipu ya Machakos, iwe zawadi ya baba. Kwamba ofisi ile uliianzisha wewe, kompyuta uliweka wewe, na zile njia za mkato za kibodi ambazo wateja husifu ulizitengeneza wewe kwa akili yako. Kwamba mama yake alikuwa anakutaipia tu. Wakwe wakapiga makofi.

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyefungua mdomo kupinga. Akatazama ndani ya kikombe.

"Shemeji," akasema, "si unamjua ndugu yangu. Akishika hotuba, ni nani wa kumnyang'anya?"

Kisha akanipa kadi ya mwaliko uliyochapisha huko kwako Athi River. Karatasi nzuri, nakubali, na maua ya dhahabu kwenye pembe. Katikati, kwa herufi za kujipinda, jina la mtoto wangu: Mueni. Bila nyusi.

Wewe unajua ninachoita nyusi. Lakini kwa kuwa kuna watakaoisoma barua hii begani mwa wengine na si Wakamba, wacha niwaeleze. Kikamba kina u mbili na i mbili. Ile u ya kawaida unaijua. Nyingine, ile inayofunguka mdomoni ikakaribia o, huvalishwa kikunjo kidogo juu ya kichwa, ũ, na i yake vilevile, ĩ. Mama yangu, aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la ngumbaru, ndiye aliyeziita nyusi. Alisema herufi isiyo na nyusi zake ni kama uso wa mtu aliyetoka kuugua. Unamtambua, lakini unaogopa kumwita. Mtoto wetu anaitwa Mũeni. Tulimpa jina hilo pamoja, wewe na mimi.

Basi ngoja nikukumbushe mambo, maana naona umeyasahau kwa faida yako.

Siku ulipoileta ile kompyuta ya kwanza kulikuwa na manyunyu. Ulishuka kwenye pikapu ya mwuza nyanya, skrini umeifunga ndani ya blanketi letu la harusi kama mtoto anayepelekwa kliniki, na kibodi umeisokomeza ndani ya koti. Pale chini ya ngazi kulikuwa na watu wamejaa, wamejikinga mvua. Ukawaambia wapishe, kuna mgonjwa. Wakapisha. Mama mmoja wa mboga akauliza huyo mgonjwa anaumwa na nini. Ukamwambia, "Hajui kusoma wala kuandika, lakini Mama Mũeni atamponya." Jengo zima likacheka. Mimi nilikuwa juu nimeshika mlango, na nakumbuka nilijisemea kwamba nimeolewa na mwanaume ambaye hata mvua inamsikiliza.

Hilo sikunyimi. Mdomo ulikuwa nao. Wateja uliwaleta wewe, wengine ukiwatoa hata kwenye foleni ya kinyozi. Lakini ng'ombe aliyeuzwa ili mashine ile inunuliwe alitoka zizini kwa mama yangu, Kathiani, na mikono iliyokaa juu ya kibodi ilikuwa hii yangu. Wewe kibodi uliigusa ulipokuwa unapangusa vumbi.

Unakumbuka kibao cha ofisi? Mchoraji alikiandika "Mueni" hivyohivyo, kavu, akasema brashi yake haijui mambo ya Kikamba. Wewe ukamwambia sawa. Mimi nikapanda juu ya kiti na rangi yangu ya kucha, ile nyekundu, nikachora nyusi. Ukanishika miguu nisianguke, ukisema ofisi hii itafilisika kabla ya kufunguliwa, mwenye ofisi anaimaliza rangi yake ya kucha. Mchoro ule bado uko. Jua limeupausha ukawa kama wa waridi, lakini uko, na kila mara kibao kikipakwa rangi upya naurudishia mwenyewe.

Halafu akaja mwalimu wa kwaya wa Kathiani na zile nyimbo zake. Kitabu kizima cha nyimbo za Kikamba, zimeandikwa kwa mkono, kila mstari umejaa nyusi. Taipureta tulikuwa tunaijua: unapiga u, unarudi nyuma, unaichora kwa kalamu. Kompyuta ilikuwa na herufi hizo ndani, lakini zilikuwa zimefichwa kama vyombo vya wageni. Fungua menyu, chagua alama, shuka na mausi, tafuta, bonyeza, funga. Hatua sita kwa nyusi moja, na ubeti mmoja ulibeba kama nyusi hamsini. Mimi na hesabu hatujawahi kukosana; niliipiga hapo hapo, nikaona kitabu kile kitakula mwezi mzima na kiganja changu juu yake.

Nawe ukatoa shauri. "Wacha nyusi," ukasema. "Mkamba anaijua lugha yake. Atazijazia mwenyewe akisoma."

Nilipokataa ulizichukua kurasa za kwanza jinsi zilivyokuwa, bila nyusi, ukazipeleka Kathiani ili mwalimu asikasirikie kuchelewa. Jumapili tukaenda pamoja kusikiliza. Yule msichana wa sauti ya kwanza alikuwa amelelewa Nairobi, hakuwa na Kikamba cha kujazia. Alisoma kilichoandikwa. Na neno moja la kumsifu Mungu likatoka mdomoni mwake likiwa kitu ambacho siwezi kukiandika kwenye barua hii. Wazee wa mbele wakageuka wote pamoja. Wewe ulitia uso wako ndani ya kofia, na mabega yakawa yanatikisika, nami nikakufinya paja nisije nikacheka mimi.

Jumatatu mwalimu alikuwa mlangoni na kurasa zake. Hakukasirika, ndiyo maana iliniuma zaidi. Aliuliza kwa upole kabisa, "Mama, hizi ni nyimbo zangu au ni za watu wa sokoni?"

Wewe ulimtuliza kwa maneno, ukamnunulia soda. Mimi nikaanza kuisoma ile mashine.

Nilifungua kila menyu kama mtu anayetafuta sindano kwenye masanduku ya marehemu. Kwenye menyu ya zana nikakuta neno macro, ambalo sikulijua, na ndani yake neno record, ambalo nililijua kutoka kwenye redio kaseti ya baba yangu. Nikalibonyeza. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu na kikombe. Mshale wa mausi ukabadilika, ukabeba kapicha kadogo ka kaseti. Ukaniziba mdomo kwa kiganja.

"Inarekodi," ukaninong'oneza.

Baba Mũeni, wewe uliamini ile mashine inatusikia. Nilikueleza mara ngapi kwamba haina masikio, inaangalia mikono tu? Ukanijibu kwamba kama kuta zina masikio, sembuse kompyuta. Tangu siku hiyo, kaseti ikitokea kwenye mshale, uliwanyamazisha wateja wote: "Tulieni, Mama Mũeni anarekodi." Na wakatulia! Yule mzee wa Ndithini, aliyekuwa amekuja kuandikisha barua ya shamba, alivua kofia akasimama wima kama kanisani. Nilitaipu nyusi yangu ya kwanza mbele ya watu waliokuwa hawapumui.

Na kwa kuwa unawaambia watu ulizitengeneza wewe, hebu nikueleze makro ni nini, ili ukiulizwa tena usiaibike. Unaiambia mashine: tazama. Unafanya kazi yako mara moja, polepole, kwa mpangilio. Unaiambia: basi. Kisha unaipa kazi ile kitufe. Tangu hapo ukibonyeza kitufe hicho, mashine inarudia kila ulichofanya, hatua kwa hatua, bila kuchagua. Ukifanya vizuri inarudia vizuri. Ukijikuna katikati, inajikuna.

Hatua sita zikawa mbonyezo mmoja. Alt na U, ũ inatokea. Nilitaka Alt na I iwe ya ĩ, lakini hiyo ilikuwa tayari inafungua menyu, na nilikuwa nimeanza kukata tamaa uliponyoosha kidole juu ya bega langu. "Chukua Y," ukasema. "Hiyo haina kazi mjini." Basi ikawa Alt na Y. Sijidai: Y ilikuwa yako. Katika njia za mkato zote za ofisi ile, Y ni yako, nami nakuachia mbele ya wote wanaosoma. Zilizobaki ni zangu.

Kitabu cha nyimbo kilimalizika kabla ya Krismasi, kila herufi na nyusi zake, na kwaya ikaimba bila kumtusi mtu.

Baada ya hapo sikushikika. Maneno yote niliyoyapiga mara nyingi niliyapa kitufe. Kichwa cha tanzia. Shukrani za familia baada ya mazishi. Mwaliko wa harambee, ule unaoanza kwa salamu ndefu na kuishia kwa kuomba. Nilikuwa naona watu wa ofisi nyingine mjini wanataipu aya ileile asubuhi hadi jioni kama mtu anayechota maji kwa kijiko, na mimi nabonyeza, naenda kwenye ukurasa unaofuata.

Na sasa tufike kwenye Alt na M.

M ya makubaliano. Watu walikuwa wananunua na kuuza vipande vya shamba kila siku, na kila makubaliano yalikuwa na aya moja ndefu ya mwisho: sisi tuliotia sahihi hapa chini, tukiwa na akili timamu, bila kulazimishwa na mtu, mbele ya mashahidi waliotajwa. Siku niliyoirekodi aya ile nilikuwa peke yangu ofisini. Kaseti iko kwenye mshale. Nimefika "akili timamu". Ukaingiza kichwa mlangoni.

"Mama Mũeni, leo tule nini?"

Mdomo wangu ulikuwa na kazi, nilikuwa nasoma maneno kwa sauti. Vidole ndivyo vilivyokujibu. Vikaandika: isyo. Mahindi na maharagwe, chakula cha Mkamba yeyote saa saba mchana, kwenye aya ya mwisho ya makubaliano ya shamba. Nikaliona, nikalifuta herufi moja moja, nikaendelea hadi mwisho, nikaiambia mashine basi.

Tulipoijaribu, mashine ikaandika vizuri hadi "akili timamu". Ikasimama. Ikaandika isyo. Ikaifuta, herufi moja moja. Ikaendelea hadi kwa mashahidi kama kwamba hakuna kilichotokea.

Ulikaa chini, sakafuni. Ulicheka hadi ukashikilia mguu wa meza. "Tukiwa na akili timamu, isyo!" Nilitaka kuirekodi upya, nikakuona unatikisa kichwa.

"Iwache," ukasema. "Karatasi inatoka safi, nani ataiona? Hiyo ni yetu."

Nikaiacha. Na kweli ikawa yetu. Mashine ile ilikuwa ya polepole, neno lilikuwa na muda wa kusomeka kabla ya kufutika. Mteja anakaa hapo, ana uso wa mtu anayeuza shamba la babu yake, na mimi nabonyeza, na wewe ukiwa dirishani unaliona likipita kwenye skrini, na unashuka hotelini chini bila neno, unarudi na sahani mbili. Hakuna aliyejua. Nilidhani hiyo ndiyo ndoa: neno moja linalopita, wawili tu wanalisoma.

Sitaandika habari za huyo uliyehamia kwake. Yeye hana kosa na kibodi. Naandika tu kwamba asubuhi ile nilifungua mlango nikakuta meza imebaki na umbo la kompyuta, mraba mmoja usio na vumbi. Ulichukua skrini, kasha, kibodi, hata kile kitambaa nilichoifumia isiingie vumbi. Disketi ulichukua pia. Uliacha taipureta kwa sababu ni nzito. Mtoto naye ulimwacha, nadhani kwa sababu hiyohiyo.

Mteja wa kwanza alifika nikiwa bado nimesimama katikati ya chumba. Ilikuwa ni tanzia. Aliuliza kompyuta imeenda wapi. Nikamwambia, "Imesafiri. Keti, nitakupigia na hii." Nikavuta taipureta, nikapiga, na nyusi zote nikazichora kwa kalamu, mojamoja. Nilikuwa nimeapa nitalia nikifika nyumbani, na nilipofika nyumbani kulikuwa na Mũeni wa kupikiwa, basi haikutokea.

Nilikaa na taipureta hadi nikapata mashine ya pili, kuukuu, isiyo na kasha la upande mmoja, na waya zake zikionekana kama matumbo. Ulikuwa ni wakati wa mgao wa stima; umeme ukija nafanya kazi, ukienda nachora nyusi. Na makro nilizirudisha zote. Hukuwa umeziondoa, unajua? Ulichukua disketi ukadhani umechukua kazi. Kazi ilikuwa kwenye mikono. Nilianza na Alt na U siku ya kwanza, na Y siku hiyohiyo. Ndiyo, Y nayo. Kitu kizuri hakikatazwi kwa sababu ya aliyekitaja.

Baadaye kikaingia kile kipindi cha virusi, wateja wakituletea disketi zenye magonjwa. Fundi akaja kuitibu mashine. Akaniambia virusi vya siku hizi hujificha kwenye makro, kwa hiyo anazizima zote, tena atazifuta kabisa mashine ipone. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Kijana, hizo ulizokuta humo si ugonjwa. Hiyo ni mikono yangu." Tukakaa pamoja, tukazipitia moja moja, ya kigeni ikatoka, zangu zikabaki. Nakuambia haya kwa sababu neno hilo, virusi, linarudi sasa hivi.

Ndugu yako alipoondoka Jumanne, Mũeni aliingia. Nilikuwa nimeiweka kadi kifudifudi juu ya meza. Aliiona, akajua. Akaanza kusema mambo mengine, kama anavyofanya akitaka kunipoza. Akaniambia alikuwa kwako Athi River wiki iliyopita kupanga idadi ya kadi hizo, na kwamba ile kompyuta yetu ya kwanza bado unayo, unaitumia kwa makubaliano tu, kwa sababu ya njia za mkato zilizomo.

"Ile ya Alt na M inafanya kazi," akasema. "Lakini imeharibika kidogo. Kuna neno linatokea katikati halafu linafutika. Nilimwuliza Baba. Akasema ni virusi ya zamani, haitibiki, niizoee tu."

Nikamwuliza ni neno gani.

"Linapita haraka, Mama. Ni kama isyo."

Nilicheka, Baba Mũeni. Nilicheka nikaweka thamosi chini nisiimwage. Mtoto akaanza kucheka naye bila kujua sababu. Kisha sikucheka tena, na yeye akavuta kiti, na nikamweleza. Nilimweleza yote, pamoja na wewe sakafuni umeshika mguu wa meza, kwa maana hiyo pia ni haki yake kuijua.

Nimelifikiria jambo hilo tangu Jumanne. Inawezekana ulikumbuka, ukaona aibu kumwambia mtoto. Hilo ningelisamehe. Lakini naamini kwamba umesahau. Umebonyeza kitufe kile miaka yote hii, na neno lile limepita mbele ya macho yako kila siku ya kazi, na hukujua tena linatoka wapi. Mtu aliyetengeneza kitu anajua kovu lake. Anayeliita kovu hilo ugonjwa ni yule aliyekibeba tu. Wakwe wakikuuliza nani alitengeneza njia zile, huna haja ya mimi kujibu. Mashine yenyewe inajibu, kila ukibonyeza, kwa maandishi.

Sasa yangu ni haya, uyasikie vizuri.

Ofisi hii hutamkabidhi mtu. Si siku ya harusi, si siku nyingine. Leseni iko na jina langu, kodi ya chumba iko na jina langu, na ule mraba usio na vumbi niliujaza mimi. Uliishi nayo miaka miwili, nimeishi nayo kumi na moja bila wewe. Toa ndogo kwenye kubwa uone kinachobaki. Zawadi hutolewa na mwenye kitu. Ukitoa cha mwenzako, hiyo ina jina lingine, na jina hilo lina amri yake kwenye Biblia.

Na Mũeni mwenyewe nilimwuliza. Sikumsemea. Alinijibu, "Mama, niko na ufunguo wa hapa tangu nilipomaliza shule. Nitapewaje mlango ambao mimi ndiye huufungua?" Maana ya jina lake ni mgeni, tulimpa kwa sababu alizaliwa nyumbani kukiwa na mgeni, nawe unakumbuka. Lakini hapa si mgeni. Meza yake inakuja wiki ijayo, seremala anaisugua.

Kadi nimezichapisha upya, zote, na nyusi zake. Zako zenye maua ya dhahabu nimezikatakata, nyuma yake ni karatasi nzuri ya kuandikia namba za simu.

Harusini uje. Kiti cha baba kipo, mbele, upande wa kulia, na hakuna atakayekigusa. Mshike mtoto mkono umwingize kanisani. Hiyo ni kazi yako na sitaki kuirithi. Ukitaka kutoa zawadi, toa iliyo yako. Leta mbuzi. Leta blanketi, lile letu la harusi unajua ulilipeleka wapi. Hata sufuria, wataipikia. Lakini ukisimama na kushika mikrofoni ukaanza kuitoa ofisi yangu, na mimi nitasimama, na nitaomba mikrofoni ileile, na nitakuuliza swali moja tu mbele ya wakwe: "Baba Mũeni, kwa nini kompyuta yako ina njaa?" Kisha nitawasimulia. Unawajua watu wetu. Cheko likianzia harusini kwa Wakamba, wajukuu hulirithi.

Nakuandikia saa ya chakula imefika. Kuna mtu kwenye benchi anasubiri makubaliano yake, nami nitambonyezea Alt na M sasa hivi, aende zake. Yangu inatoka safi, haisimami popote. Niliirekodi upya kwenye mashine ile isiyo na kasha, na hakukuwa na mtu wa kuingiza kichwa mlangoni aniulize tutakula nini.

Lakini ile yako usiifute. Usimwite fundi. Wacha mashine iwe ya polepole hivyohivyo, na kila neno lile likipita, lisome. Ile si virusi, Baba Mũeni. Uliniuliza swali, na mimi nikakujibu.

Baki na Y yako.

Mimi, kwa Alt na U,
Mama Mũeni